MGONJWA ASIACHWE PEKE YAKE

Ndugu wafanya kazi,

Mwenzetu mwenye saratani ya matiti hutiwa dawa mshipani hospitalini asubuhi, na jioni yuko kwake. Halazwi. Taabu ya dawa humkuta huko nyumbani: kutapika, vidonda vya kinywa, uchovu. Baya zaidi ni homa. Dawa hupunguza chembe nyeupe za damu, kwa hiyo homa ya digrii 38 haingoji kesho. Ni ya kukimbilia hospitali usiku ule ule. Nani atamweleza? Muuguzi.

Twataka kila kliniki ya saratani iwe na muuguzi wa kumfundisha mgonjwa kabla hajaondoka, na simu ya kumwuliza usiku na mchana. Wauguzi nao ni wafanya kazi: waongezwe, wasibebeshwe mzigo tu.

Kwa waajiri pia tuna neno. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mgonjwa, kwa mwaka, si chini ya siku 7 kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu. Dawa hizi mara nyingi hutiwa kila wiki 3, kwa miezi kadhaa. Siku hizo zitatosha nini? Viongozi wetu walitie jambo hili katika mapatano yajayo.