Neno la Mwisho Angani

Madai ya wanaozihofia mashine mmeyasikia: mashine nyingi zikiachiwa kujiamulia, maafa hayakwepeki, hivyo awepo mkuu mmoja wa kuamua yote. Ushahidi uko Überlingen, Ujerumani. Usiku wa tarehe 1 Julai 2002 ndege mbili, Tupolev na Boeing, ziligongana juu ya mji huo, watu 71 wakafa, wengi wao watoto wa shule. Wasomaji, pimeni wenyewe.

Wanadai, kwanza, kwamba kituo cha kuongozea ndege ndicho kiamue kwa kuwa kinaona yote. Usiku ule mwongoza ndege wa Zurich aliyezisimamia ndege hizo alikuwa peke yake, akihudumia skrini mbili, na mfumo mkuu wa simu ulikuwa umezimwa kwa matengenezo. Aliiamuru Tupolev ishuke, kisha akawaambia marubani wake kwamba ndege ya pili iko kulia kwao. Ilikuwa kushoto. Aliyeelemewa haoni yote.

Pili, wanadai kwamba mashine zikijiamulia zitapingana. Hazikupingana. Mitambo ya TCAS, ya kuzuia ndege kugongana, iliyokuwa ndani ya ndege hizo iliwasiliana na kuafikiana: Tupolev ikaambiwa ipande, Boeing ikaambiwa ishuke. Boeing ilitii. Amri iliyopingana na mwafaka huo ilitoka ardhini.

Tatu, wanasema sauti mbili ni salama kuliko moja, mtu aisahihishe mashine. Hapa wanajipinga, maana mwanzoni walitaka mkuu mmoja. Fahari wawili hawakai zizi moja: Tupolev ilipewa amri mbili, ikafuata ya ardhini, na ndege zote mbili zikashuka. Mkanganyiko wa aina hiyo hiyo nusura uangushe ndege mbili Japani mnamo Januari 2001. Onyo lilikuwepo.

Nne, wanadai kuipa mashine neno la mwisho ni kumvua mwanadamu wajibu. Someni kanuni iliyofafanuliwa baada ya ajali: TCAS ikiamuru, rubani aifuate hata kama mwongoza ndege amesema vingine. Amri hiyo hutolewa tu pale mgongano unapobakiza sekunde chache; muda mwingine kwa kawaida mwongoza ndege ndiye mwenye kauli. Mipaka hiyo imewekwa na watu, na watu hao hao wakaiboresha programu ya TCAS ili igeuze amri mapema ndege moja isipotii.

Kwa hiyo idadi ya wanaoamua si tatizo. Kila mfumo wa aina hii, uwe wa ndege au wa magari, uulizwe nani ana neno la mwisho, katika jambo gani, na kama wote wanalijua hilo kabla ya hatari kufika. Überlingen hakukuwa na jibu.