Maoni Yetu: Breki za gari lako zitazame mwenyewe

Kila mwenye gari katika Kaunti ya Kwale anapaswa kujua kubadilisha pedi za breki za mbele nyumbani kwake. Akiona kazi yenyewe haimfai, basi angalau ajue kufungua gurudumu na kutambua pedi iliyokwisha. Tunalisema hili bila kuzungukazunguka kwa sababu pwani hii ya kusini hula breki, na gari la nyumbani halina mlinzi mwingine isipokuwa mwenyewe.

Anza na barabara. Ukitoka Kombani kwenda Kwale mjini unapanda vilima vya Shimba kupitia Golini, na ulichokipanda asubuhi utakiteremka jioni, pengine ukiwa na abiria wanne na magunia ya machungwa nyuma. Barabara ya A14 nayo, kutoka Likoni hadi mpaka wa Lunga Lunga, ni takribani kilomita 100 za matuta, watoto wa shule wanaovuka, bodaboda zinazochomoza kutoka njia za vumbi na malori yanayokwenda na kutoka Tanzania. Tangu njia ya Dongo Kundu ifunguliwe, gari hutoka Miritini likaingia Kusini bila kungoja feri, na wengi huingia wakiwa na mwendo. Katika safari kama hizi mguu haukai mbali na breki.

Kisha kuna chumvi, na hapa ndipo sisi wa pwani tunapotofautiana na madereva wa bara. Kalipa, yaani kile chuma kinachozibana pedi mbili kwenye diski, katika magari mengi huteleza juu ya pini mbili zilizovikwa mipira. Upepo wa bahari wa Diani na Msambweni, mchanga, na maji ya madimbwi wakati wa masika hupenya pale mpira ulipopasuka. Pini hushika kutu, kalipa ikaganda. Ikishaganda, pistoni husukuma pedi ya ndani peke yake. Ya nje hubaki nene, ya ndani hulika mpaka chuma kikasugua diski. Mwenye gari anachutama, anachungulia kwenye matundu ya rimu, anaona pedi ya nje bado ina nyama, anaondoka ameridhika. Alichokiona ni kweli, lakini ni nusu tu ya habari. Gurudumu lazima litoke.

Matatu na magari ya biashara hupelekwa kukaguliwa na NTSA kila mwaka. Probox ya familia, ile inayopeleka watoto shule, inayobeba samaki kutoka Shimoni na kumkimbiza mgonjwa hospitali ya rufaa ya Msambweni usiku wa manane, inaweza kukaa miaka bila jicho la mtu yeyote kuzifikia breki zake. Mara nyingi ilitua bandarini Mombasa ikiwa imeshatumika Japani, kwa kuwa kanuni zetu huruhusu gari lisilozidi miaka 8. Kitabu chake cha maelezo, kama kilikuja nalo, kimeandikwa Kijapani. Mwenyewe anabaki kutegemea masikio, akingoja ule mlio mkali wa kibati kinachogusa diski pedi ikikaribia kwisha. Pedi nyingine hazina hata hicho kibati.

Na ajali ikitokea tunaambiana kwamba ajali haina kinga. Maneno hayo yana mahali pake msibani, kuwafariji wafiwa. Hayana mahali kwenye breki. Pedi hulika polepole, kwa miezi, na hupimika. Ikiwa mpya huwa na milimita 10 hadi 12 hivi za kusugua. Zikibaki 3, wakati wake umefika. Rula ya mtoto wa shule inatosha kuzipima.

Kazi yenyewe haihitaji karakana. Inahitaji jeki, stendi mbili, spana ya magurudumu, spana zinazoingia kwenye bolti za kalipa yako, klampu ya seremala, brashi ya waya, kipande cha waya na girisi ya silikoni. Mtu makini humaliza magurudumu yote mawili ya mbele katika asubuhi moja.

Hatari kubwa iko ardhini. Jeki iliyosimamishwa juu ya mchanga huzama upande mmoja, na gari likaanguka. Tafuta sakafu ya saruji. Ukikosa, laza ubao mpana na mnene chini ya jeki na chini ya stendi. Legeza nati za gurudumu gari likiwa bado chini. Vuta hendibreki, zuia magurudumu ya nyuma kwa vipande vya mbao, inua gari mahali palipotengenezewa jeki, kisha ulishushe likae juu ya stendi. Jeki ni ya kuinulia, si ya kufanyia kazi. Tunakaza hapa kwa sababu ni jambo la kawaida kuona gari limekalishwa juu ya mawe ya matumbawe, yale yale ya kujengea nyumba, yaliyopangwa mawili au matatu. Jiwe hilo lina matundu ndani, na likipasuka halitoi onyo. Tofali la saruji ni vivyo hivyo. Asiye na stendi asianze. Aazime, anunue, au aende kwa fundi. Gurudumu ulilolitoa lilaze chini ya gari ili gari likiporomoka likute kitu cha kuangukia. Watoto wakae mbali.

Kabla hujagusa kitu, piga picha kwa simu. Fanya upande mmoja kwanza, wa pili uwe mfano wako. Fungua bolti ya chini ya kalipa, iinue, uifunge kwa waya kwenye springi. Usiiache ining'inie kwa mpira wake, maana mpira huo ndio unaopitisha mafuta ya breki, na ukichanika kwa ndani hutauona. Toa pedi kuukuu. Vumbi jeusi utakalolikuta usilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa. Pedi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na Shirika la Afya Duniani linasema aina zote za asbesto husababisha saratani. Pedi isiyo na jina huwezi kujua imetengenezwa kwa nini. Pangusa kwa kitambaa chenye maji.

Diski ikaguliwe. Ikiwa ina nyufa au mitaro mirefu, au imekuwa nyembamba kuliko kipimo kilichochongwa juu yake, pedi mpya hazitakuokoa. Kisha pini. Zichomoe zote mbili, zisugue hadi kutu iondoke, tazama mipira yake, zipake girisi ya silikoni, uzirudishe na uhakikishe zinateleza kwa vidole. Girisi ya kawaida ya beringi huvimbisha mpira, na pini itaganda tena baada ya muda mfupi. Bara, mtu anaweza kuiruka hatua hii akabahatika. Hapa kwetu, anayebadilisha pedi bila kugusa pini amefanya nusu ya kazi, na hilo linawahusu pia mafundi wanaolipwa.

Pistoni irudishwe ndani taratibu kwa klampu, pedi kuukuu ikiwa katikati, huku ukiangalia chupa ya mafuta ya breki chini ya boneti, kwa sababu mafuta hupanda, na yakimwagika hubabua rangi. Weka pedi mpya, funga, nenda upande wa pili. Pedi hubadilishwa kulia na kushoto kwa pamoja, hata kama upande mmoja bado una uhai. Ukibadilisha mmoja tu, gari litavuta kando siku utakapokanyaga kwa nguvu.

Sasa linakuja kosa linaloua. Pistoni umeirudisha nyuma, kwa hiyo ukikanyaga breki mara ya kwanza, pedeli itakwenda hadi sakafuni bila kushika chochote. Mtu amemaliza kazi, amefurahi, anawasha, anarudi kinyumenyume kutoka uani, na nyuma yake kuna mtoto. Kabla ya kuwasha injini, kanyaga pedeli mara nyingi hadi iwe ngumu chini ya mguu. Tazama mafuta yako kwenye alama. Washa, kanyaga tena, ndipo utie gia. Pedeli ikibaki laini hata baada ya hapo, gari lisitoke: ama mna hewa ndani, ama kuna panapovuja, na hiyo ni kazi ya fundi.

Pedi mpya hazishiki vizuri siku ile ile. Tafuta barabara tupu asubuhi na mapema, fika kilomita 50 kwa saa, punguza hadi karibu 10 bila kusimama kabisa, urudie mara nane au kumi ukiziacha zipoe kila mara. Mteremko wa Golini usiwe mahali pa majaribio.

Na mteremko huo unatukumbusha mafuta ya breki, ambayo wengi huyaongeza tu bila kuyabadilisha kamwe. Mafuta haya hunyonya unyevu, na hewa yetu imejaa unyevu mwaka mzima. DOT 3 mpya hutakiwa kuhimili joto lisilopungua nyuzi 205 za Selsiasi kabla ya kuchemka. Yakishanyonya maji, kiwango hicho hushuka hadi 140. Dereva anayeteremka akiwa amekanyaga breki mfululizo huzipasha moto, mafuta yakichemka mvuke hujaa kwenye mabomba, na pedeli haina kitu. Yabadilishwe kila baada ya miaka miwili, na chupa iliyofunguliwa mwaka jana isitumiwe. Tena dereva ateremke kwa gia ndogo, injini ilizuie gari.

Hatumwambii mtu afanye kila kitu mwenyewe. Breki za nyuma za Probox ni za ngoma, zina springi nyingi, na anayeanza aziache kwa fundi. Magari mapya yenye hendibreki ya umeme yanahitaji kompyuta kurudisha pistoni za nyuma, ukilazimisha utavunja. Anayesita mahali popote katika kazi hii asione haya kumwita makanika. Tunachokataa ni kukabidhi gari asubuhi, kulichukua jioni, na kutojua kilichofanyika. Mwambie fundi akuoneshe pedi kuukuu zote nne. Fundi mwema hachukii kuulizwa, na Ukunda ina mafundi wema wengi wanaochoka kuletewa gari diski ikiwa imeshaliwa, wakati pedi za mapema zingetosha.

Pedi zenyewe zinunuliwe kwa macho. Zilizopimwa chini ya kanuni namba 90 ya Umoja wa Mataifa huwa na herufi E ndani ya duara na alama ya 90R mgongoni au kwenye boksi. Boksi lisilo na jina la mtengenezaji, lenye maandishi yaliyokosewa, pedi ambayo kingo zake zinameguka kwa ukucha: rudisha. Tuna sheria dhidi ya bidhaa bandia tangu 2008, na tuna shirika la viwango, KEBS. Tungependa kuwaona maofisa wao mara nyingi zaidi katika maduka ya spea ya Likoni, Ukunda na Msambweni, kwa kuwa pedi bandia haimwibii mnunuzi peke yake. Aliyesimama kando ya barabara pia anaweza kuilipia.

Serikali ya kaunti ina la kufanya, na si la gharama kubwa. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliviweka vyuo vya ufundi vya vijijini mikononi mwa kaunti. Vile vinavyofundisha umakanika vina sakafu ya saruji, stendi na walimu. Tunaiomba kaunti ivifungue Jumamosi moja kila mwezi, mwenye gari aje na pedi zake, azibadilishe mwenyewe chini ya jicho la mwalimu, alipe ada ndogo. Wanafunzi watapata magari halisi ya kujifunzia. Walimu wa kike, wauguzi, wafanyakazi wa hoteli za Diani na mama wa nyumbani wenye magari yao, ambao gerejini mara nyingi huzungumziwa tu bila kupewa nafasi ya kutazama, watajifunza mahali penye heshima. Wenye maduka nao waweke stendi na girisi ya silikoni kwenye rafu ile ile ya pedi. Mteja asiyeviona hatavinunua.

Wewe msomaji usingoje kaunti. Wiki hii, gari likiwa limepoa na limesimama mahali tambarare, toa gurudumu moja la mbele uipime pedi ya ndani. Kama imebaki milimita 3 au chini ya hapo, usiende nalo popote hadi pedi zibadilishwe.