Kelele ya roki si ya shetani, lakini inajifunzwa

Mara nyingi tunasikia wazazi wa Katana wakisema: mutoto anayeimba roki kwa kelele ameacha Mungu. Tunawaheshimu wazazi wetu, lakini hapo hatukubaliane nao.

Kelele ile ilitoka wapi? Kwa sehemu kubwa, ilitoka kanisani. Little Richard, Mumarekani mweusi aliyezaliwa 1932 kule Macon, alikomalia ndani ya nyimbo za Injili. Yeye mwenyewe alisema kama ile kelele yake ya juu aliipata kwa Marion Williams, mama mwimbaji wa Injili. Mu mwaka 1957, jina lake likiwa juu sana, aliacha roki, akaenda kusoma Biblia ku chuo cha Waadventista cha Oakwood. Kisha akarudia roki, akaiacha tena. Imani na jukwaa vilimuvuta huku na huku, lakini koo lilikuwa moja.

Karibu yetu kuko Mukenya Martin Kanja, anayeitwa Lord Spikeheart. Kundi lake Duma, la Nairobi, lilitoa albamu mu 2020 kwa Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Ananguruma sawa simba, na bado kazi yake inamukumbuka bibi yake wa zamani, Muthoni wa Kirima, aliyepigana ndani ya Mau Mau. Basi kelele inaweza kubeba heshima ya wazee pia.

Ninyi wa mashimo, munaoenda Nyabibwe ao Kamituga, munajua: udongo ukianza kuanguka, hakuna anayeongea polepole. Kelele moja inaokoa roho za watu.

Shida iko pengine. Kelele bila mafundisho inaharibu koo. Mubebaji wa gunia la mawe anajua kama nguvu si ya mikono tu, ni ya mugongo na miguu. Mwimbaji naye ni vile: anasukuma pumzi kutoka tumboni, na ule mukwaruzo anautafuta ku mikunjo iliyo juu ya kamba za sauti, ili kamba zenyewe zisibebe muzigo wote. Anaanza kwa sauti ndogo, dakika chache kwa siku. Anakunywa maji. Akisikia maumivu, anaacha palepale.

Somo hili si la vijana wa roki peke yao. Tunaona wahubiri na wanakorali wakitoka mukesha sauti imekauka, nasi tunasema ni upako. Hapana, ni koo lililoumia! Mungu hapimi imani kwa ukubwa wa kelele. Na kwa muchimbaji anayemeza vumbi kila siku, koo limekwisha kuchoka mbele hata ya kuanza kuimba. Sauti ikikauka kupita wiki tatu, usingojee maombi tu: enda ku hospitali ya FOMULAC, ni hapa hapa Katana.

Kwa hiyo tunaomba wazazi na wachungaji: mbele ya kumufukuza kijana, mumuulize wimbo wake unasema nini, na nani anamufundisha kuimba. Kama maneno ni mabaya, mumukemee kwa maneno hayo. Kama ni kelele tu, mumutafutie mwalimu wa korali anayejua kazi ya pumzi. Kijana aliyefukuzwa ataendelea kupiga kelele kule inje, bila mwalimu na bila kanisa. Njo hasara tunayoogopa.