Televisheni Yetu, Bei ya Mwani Iko Wapi?

Zanzibar tulikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970. Bara wakasubiri hadi 1994. Tunajisifia mpaka leo. Haya, na sasa?

Usiku tukiwasha kituo cha hapa hapa kwetu, ni tamthilia ya Kituruki iliyotiwa Kiswahili, kisha kiongozi anakata utepe. Wanawake wa Paje na Jambiani wanashinda baharini na mwani, bei anaipanga mnunuzi, na kituo kimya. Sisi washoni tunakumbukwa Ramadhani tu, nguo za Idi zikitafutwa.

Tamthilia tunazipenda, tusidanganyane. Lakini tupeni nusu saa kila jioni: mwani unanunuliwa bei gani, mifereji itatoka maji mtaa upi, nani kafiwa. Na mtangazaji avue viatu, awafuate kina mama huko huko maji yakipwa.