UKULIMA WA KISASA: Kihamba hakina likizo

Mwezi huu tutazame kihamba. Kihamba ni shamba la Wachaga katika miteremko ya Mlima Kilimanjaro. Humo migomba, kahawa, magimbi na miti huota pamoja. Ng'ombe hukaa zizini, huletewa majani.

Kazi ni za mwaka mzima. Mwezi wa Machi masika huanza. Watu huteremka tambarare kupanda mahindi na maharage. Mahindi yakivunwa, mabua hupandishwa nyumbani kulisha ng'ombe. Kuanzia Julai hivi hadi mwisho wa mwaka, kahawa huchumwa. Ndizi hukatwa kila mwezi. Samadi hurudishwa kwenye migomba na kahawa.

Kwa nini kujichosha hivyo? Mwaka 1989 bei ya kahawa duniani ilianguka. Fedha ilipungua katika kila nyumba yenye kahawa. Lakini mwenye ndizi, maziwa na mahindi alilisha watoto wake.

Je, zao lako moja likianguka, nyumba yako itakula nini? Msimu ujao ongeza zao jingine linalofaa kwenu. Usingoje njaa ikufundishe.