Badili mkono kwanza, straika baadaye

Timu ikitoka suluhu mechi mbili mfululizo, wimbo jukwaani ni mmoja: straika aletwe. Hakuna anayeuliza huyo aliyepo mipira ilimfikiaje, kwa kasi gani, akiwa ametazama wapi. Dirisha dogo likifunguliwa, viongozi wanakimbilia uwanja wa ndege na skafu mkononi, picha zinapigwa, mitandao inachemka. Mwezi haujaisha, huyo mpya naye anazomewa.

Kuna watu wanaoujua ugonjwa huu vizuri kuliko makocha wengi, na wala hawachezi mpira. Ni wavuvi wa burudani wa pwani za Ireland, Wales na Cornwall kule Uingereza, wale wanaosimama juu ya miamba alfajiri, maji yakiwapiga magotini, wakimtafuta samaki ambaye Waingereza wanamwita sea bass. Hapa aitwe sibasi tu, na asichanganywe na lile basi linalopakiwa golini, ingawa kwa ubishi wanafanana.

Sibasi ni samaki wa rangi ya fedha, ana miiba mgongoni na mdomo mpana. Anapenda kuwinda karibu na nchi kavu, kwenye maji yenye povu yanayopiga miamba, akitafuta visamaki, kaa na kamba. Wavuvi hawa hawamfuati kwa nyavu. Wana fimbo, mshipi mwembamba, rili ya kukunjia huo mshipi, na chambo cha bandia, yaani kisamaki cha plastiki au cha mbao chenye ndoana tumboni.

Chambo hicho ni kitu kilichokufa. Hakina harufu ya samaki wala hakiogelei chenyewe. Uhai wote kinaoupata majini unatoka mkononi mwa mvuvi: anavyozungusha rili, anavyotikisa ncha ya fimbo, anavyoacha kuvuta. Wanaorambaza nguru huku pwani ya Afrika Mashariki wanalijua hili kwa njia yao, maana chombo kikienda kasi isiyofaa, chambo kinachokokotwa nyuma hakimdanganyi samaki yeyote.

Sasa angalia anachofanya mvuvi mgeni. Anatupa, anavuta. Anatupa, anavuta. Saa nzima hajaguswa. Anafungua kisanduku, anatoa chambo cha bluu anaweka cha kijani. Kimya. Anaweka cha rangi ya dhahabu. Kimya. Wikiendi inayofuata yuko dukani ananunua vingine vitano, kwa sababu kuna jamaa alipiga picha na samaki mkubwa akiwa na chambo cha aina hiyo. Kisanduku kinajaa, mfuko unatoboka, na kila chambo anakivuta kwa mwendo ule ule mmoja kama mtu anayeteka maji kisimani.

Huo ni usajili wa washambuliaji watano wanaopigiwa krosi ile ile, kutoka winga ile ile, dakika zote 90.

Mvuvi mzoefu hakimbilii kisanduku. Chambo anakiacha, anabadili mkono. Anaanza na mwendo wa polepole ulionyooka, rili inazunguka taratibu na mkondo wa maji unamfanyia kazi. Kisipoguswa, anaweka kituo: anazungusha mara tano, anaacha. Chambo kinasimama, kinaelea au kinazama kidogo, halafu kinaondoka tena. Mara nyingi samaki anagonga palepale kwenye kituo, au sekunde kile chambo kinapoanza kukimbia upya. Sababu haihitaji shahada. Kisamaki kilichojeruhiwa ndivyo kinavyokwenda, kinajitutumua kidogo, kinachoka, kinajitutumua tena, na mwindaji yeyote anaijua sura ya mawindo rahisi.

Akiwa na chambo laini cha mpira, anakiacha kishuke mpaka karibu na chini, anainua fimbo, anakunja mshipi uliolegea, anakiacha kishuke tena. Hapo samaki wengi wanagonga wakati chambo kinaanguka, si kinapopanda. Mgeni huwa hajui hata kama ameguswa, kwa sababu wakati huo anatazama bahari.

Kwenye maji yaliyotulia anahamia juu. Anatumia chambo kinachoelea na kukitikisa kwa ncha ya fimbo ili kiende kushoto, kulia, kushoto, kulia, kama winga anayemchanganya beki kabla ya kukata ndani. Wapo sibasi wanaokifuata mpaka miguuni mwa mvuvi kisha wanageuka na kwenda zao. Mgeni huwa anamalizia kwa kupunguza kasi akidhani anamsubiri. Mzoefu mara nyingi anafanya kinyume, anaongeza kasi ghafla, na samaki aliyekuwa anasita anaona chakula kinatoroka.

Usiku mambo yanageuka. Sibasi, kama samaki wengine, ana mstari wa hisia ubavuni unaompa habari za mtikisiko wa maji hata gizani. Hahitaji mbwembwe, kwa hiyo mvuvi anavuta polepole mno, mpaka mwenye haraka anaona anapoteza muda. Maji yakiwa ya baridi ni hivyohivyo: samaki mwenyewe amepoa, hawezi kufukuza kitu kinachopita kama pikipiki.

Jambo kubwa kuliko yote haya ni nidhamu. Mvuvi anayejua kazi yake anabadili kitu kimoja kwa wakati mmoja. Akibadili kasi, kina anakiacha. Akibadili kina, kasi inabaki. Akipata mguso, anajiuliza kabla hata ya kushangilia: ilikuwa mzunguko wa ngapi, chambo kilikuwa kinashuka au kinapanda, maji yalikuwa yanajaa au yanakupwa? Halafu anatupa tena palepale na kurudia kilekile. Kikijibu mara ya pili, hiyo ndiyo siri ya siku hiyo. Kesho yake inaweza isifanye kazi kabisa, na anaanza upya.

Linganisha na benchi la ufundi linalofungwa Jumapili, halafu Jumatano linabadili wachezaji watano, mfumo, nahodha na golikipa kwa mpigo. Likishinda halijui kwa nini limeshinda. Likifungwa, ndiyo kabisa.

Kuna sababu nyingine ya wavuvi hawa kufikiri sana kabla ya kutupa: samaki wenyewe hawatoshi. Ireland ilipiga marufuku uvuvi wa kibiashara wa sibasi mwaka 1990. Mwaka 2015 Umoja wa Ulaya ulipandisha kipimo cha chini cha samaki anayeruhusiwa kuchukuliwa kutoka sentimita 36 hadi 42, na sibasi hukua taratibu, anahitaji miaka kama sita kufika hapo. Mvuvi wa burudani anaruhusiwa kuchukua wachache mno kwa siku, na wengi wanaovuliwa wanarudishwa majini wakiwa hai. Mtu akiruhusiwa kwenda nyumbani na samaki wachache hivyo, hawezi kujisifu kwa uzito wa kapu. Anajisifu kwa kujua kwa nini yule samaki aligonga.

Mwaka huohuo wa 1990 Ireland ilikuwa Kombe la Dunia nchini Italia chini ya Jack Charlton, beki wa England iliyotwaa kombe mwaka 1966. Charlton alikuwa mvuvi wa kupindukia, mpaka alitengeneza vipindi vya televisheni vya uvuvi. Juni 17, mjini Palermo, vijana wake walikutana na Misri. Misri walijifungia nyuma, wakapoza mpira, golikipa akidaka kila pasi ya kurudishwa. Ireland wakajibu kwa mpira mrefu. Ukarudi. Wakapiga mwingine mrefu. Matokeo 0-0, na Charlton akatoka amekasirika, akilalamika kwamba Misri hawakuja kucheza.

Samaki naye haji kucheza. Hakuna mvuvi aliyewahi kusimama juu ya mwamba akamlaumu sibasi kwa kukataa kufunguka, na Charlton, kati ya makocha wote waliokuwa Italia, ndiye aliyepaswa kulijua hilo. Siku ile alikuwa na chambo kimoja na mkono mmoja.

Haki itendeke. Mkono huohuo ulimfikisha robo fainali, kwa mabao mawili tu katika mechi tano na bila kushinda hata moja ndani ya dakika 120. Romania waling'olewa kwa penalti, Italia wakamaliza safari yake kwa 1-0. Kwa hiyo mwendo mmoja unaweza kukufikisha mbali ukiwa na ukuta mgumu na bahati. Lakini miaka miwili baadaye sheria ilibadilishwa, golikipa akazuiwa kudaka mpira anaorudishiwa kwa mguu na mwenzake, na timu zote zikalazimika kujifunza kuanza mashambulizi upya.

Wapo watakaosema mpira si uvuvi, na kwamba timu isiyo na mfungaji haina mfungaji hata ikibadili mwendo mara mia. Ni kweli, hata kwenye mwamba kuna siku chambo chenyewe ndicho kibovu. Sibasi wakiwa wanakula visamaki vidogo vyembamba, ukiwatupia dude la urefu wa mkono watalikimbia. Hapo badili. Tofauti ni kwamba mzoefu anafungua kisanduku akiwa ameshajaribu kasi tatu, vina viwili na vituo vya kila namna, kwa hiyo anajua anatafuta chambo cha namna gani. Mgeni anafungua kwa sababu amechoka kusubiri.

Ni vigumu kuona klabu nyingi huku zikifungua dirisha kama yule wa kwanza. Straika aliyezoea mpira wa chini unaotangulia mbele yake anapigiwa krosi za juu msimu mzima, halafu anaachwa kwa sababu hana mabao. Anayekuja anapigiwa zilezile. Fedha ya kiingilio cha shabiki, aliyekatwa na jua kwenye foleni ya mlangoni, inakwenda kwenye ada ya usajili na tiketi za ndege. Kocha naye anafukuzwa Februari, na anayempokea anakuta kisanduku kimejaa vyambo ambavyo hakuna anayejua kipi kilijaribiwa vipi.

Wavuvi wengi wa sibasi wana daftari. Wanaandika tarehe, saa, hali ya maji, upepo, chambo, na jinsi walivyokivuta. Ni mistari minne tu ya penseli, mara nyingine imelowa chumvi. Viongozi wa klabu wamwombe kocha ukurasa wa namna hiyo kabla ya kusaini hundi yoyote ya dirisha dogo: mechi ipi alijaribu kuharakisha mpira wa kwanza mbele, mechi ipi alipunguza kasi na kumvuta mpinzani atoke, straika aliguswa mara ngapi ndani ya boksi kila alipobadili, na nini kilitokea.