Kabla Mniulize Kama Nataka Kifo cha Huruma, Niulizeni Mofini Iko Wapi

Wasee, tangu niweke ile vidio ya cucu wangu, komenti zimegawanyika kama mashabiki wa Gor na Ingwe. Upande huu: "Kenya iruhusu kifo cha huruma, mbona mtu ateseke?" Upande ule: "Uhai ni wa Mungu, shindwe!" Nitajibu mara moja, na najua pande zote mtanikasirikia. Ni sawa tu.

Kwanza, mnachanganya vitu. Daktari kumdunga mgonjwa sindano ya kumaliza maisha yake kwa ombi lake ni kitu kimoja, na Uholanzi na Ubelgiji waliruhusu hiyo mwaka wa 2002. Daktari kumwandikia dawa halafu mgonjwa anywe mwenyewe ni kitu kingine, na jimbo la Oregon kule Marekani limefanya hivyo tangu 1997. Kumfanyia mtu ambaye hajaomba, labda hata hawezi kuongea, hiyo ni hadithi tofauti kabisa na inatisha. Halafu kuna mgonjwa kusema "sitaki tena kemo, nipelekeni nyumbani." Hiyo ya mwisho si kujiua na si kuua. Sheria ya Afya ya 2017 inasema mgonjwa aelezwe kwamba ana haki ya kukataa matibabu. Kwa hivyo yule anti anayewaambia binamu zake "mlimuua mama kwa kumtoa hospitali" apunguze sauti.

Sasa sheria yetu. Ukimsaidia mtu kujiua Kenya, kifungu cha 225 cha Kanuni ya Adhabu kinaweza kukufunga maisha. Kifungu cha 213 kinaenda mbali zaidi: ukiharakisha kifo cha mtu ambaye ugonjwa ungemuua hata hivyo, umesababisha kifo chake. Ati alikuwa anakufa tu? Haikuokoi. Kilichobadilika ni kifungu cha 226, kile kilichokuwa kinamfanya mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu. Mnamo Januari 2025 Jaji Mugambi wa Mahakama Kuu alisema kinakiuka Katiba. Wengine mkashangilia kana kwamba kifo cha huruma kimepita. Zii. Mahakama ilisema mtu aliyelemewa apelekwe kwa msaada, si kwa seli. (Na kama wewe si mgonjwa wa saratani lakini umekuwa ukifikiria kufa, posti hii haikuhusu. Funga simu, tafuta mtu umwambie leo. Usiku huu, si kesho.)

Basi cucu.

Aliishi upande wa Runyenjes. Alikuwa akiniita mzee wake kwa sababu nimebeba jina la guka. Saratani ilianzia titi ikafika mifupa ya mgongo, na karo yangu ya muhula wa pili ndiyo ililipa skani, ndiyo maana mimi si mwanafunzi tena. Sijutii. Ninachokumbuka ni hospitali moja, sitaitaja, ambapo walitupa Panadol na Brufen wakatuambia turudi nyumbani. Nikauliza mofini. Dada wa famasi akaniangalia kama nimeomba bangi. "Imeisha." Itakuja lini? Akaita anayefuata.

Usiku ule cucu aliuma kitenge ili majirani wasisikie. Saa tisa hivi akaniambia, "Mzee wangu, waambie wanipe dawa nilale nisiamke."

Wale wa upande wa kwanza, mngekuwa hapo mngesema: si ameomba? Si ni chaguo lake? Sikieni basi kilichofuata. Siku nne baadaye tulipata nesi wa hospisi. Alikuja na boda, akaleta chupa ndogo ya mofini ya maji, akamfundisha mama kupima kwa sirinji bila sindano, kila saa nne, hata usiku. Kufikia siku ya tatu cucu alikuwa anauliza nani amekamua ng'ombe, na mbona nimenyoa hivyo kama mwizi. Aliishi wiki tano zaidi. Lile ombi hakulirudia hata mara moja.

Kwa hivyo alikuwa ameomba nini usiku ule? Mimi nasema alikuwa anaomba ile chupa, ila hakujua iko. Na kama sheria yenu ya chaguo ingekuwepo, angepata dawa ya kufa kabla ya dawa ya maumivu. Katika nchi ambapo bili ya hospitali inauza shamba, ni nani atakayekuwa wa kwanza kuambiwa "si upumzike tu"? Si bwenyenye wa Runda. Ni cucu wa mtu, anayesikia wanawe wakibishana pesa nje ya dirisha.

Sasa nyinyi wa upande wa pili, msipige makofi bado. Mchungaji alikuja mara mbili akaomba vizuri, akasema mateso yana kusudi. Hakuna siku hata moja aliuliza kama cucu ana dawa. Mnapigana na sheria ambayo hata haiko bungeni, na mtu anauma kitenge mita mia mbili kutoka kanisani.

Mofini si ya wazungu. Jirani zetu Uganda, tangu Hospisi ya Afrika ianzishwe mwaka wa 1993, wanachanganya unga wa mofini na maji, serikali inaitoa bure, na tangu 2004 manesi waliosomea wanaruhusiwa kuiandika. Si lazima usubiri daktari ambaye yuko Nairobi. Huku kwetu tuna Hospisi ya Meru na Hospisi ya Embu-Mbeere, kwa hivyo ujuzi uko. Na Sheria ile ile ya 2017 imeorodhesha huduma ya kupunguza maumivu kama sehemu ya haki ya afya.

Mtaniambia kuna wachache ambao hata mofini haiwatoshi. Ni kweli, na swali lao sina jibu lake. Afrika Kusini mwaka wa 2015 wakili Robert Stransham-Ford alishinda kesi yake mahakamani, akafa saa chache kabla ya uamuzi kusomwa, na mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ikaufuta. Hata wao bado wanahangaika nalo. Lakini hatuwezi kuanza na wachache hao wakati wengi hawajapewa hata tone la kwanza.

Afya iko chini ya kaunti, kwa hivyo kazi ya wiki hii ni rahisi: nenda famasi ya hospitali ya kaunti yako, Meru, Embu, kokote, uulize kama mofini ya kunywa iko. Niandikie jibu kwenye komenti.

Cucu alipofariki, chupa ilikuwa imebaki robo. Nesi alirudi kuichukua, akapima kilichobaki kwa sirinji, akaandika kwenye kitabu, akanipa kalamu nisaini.